Protini Isiyouzwa Koponi

Karakana ya makochi ilikuwa chini, nyumba ilikuwa juu yake. Kila asubuhi Fundi alishuka ngazi kwanza. Alifungua milango ya chuma, akasukuma nje kochi moja lililokamilika ili wapita njia walione. Mkewe alishuka baada yake na birika la chai. Aliketi kwenye cherehani, akawasha taa ndogo ya mezani, na kazi ikaanza.

Mume aliunga mbao na kupanga sponji. Mke alishona vitambaa. Wateja walimwita Bi Sindano, na si kwa sababu ya kushona tu. Ulimi wake nao ulichoma. Mteja akilalamika kwamba kochi lake limechelewa, Bi Sindano alimwambia, "Kaka, umekuja kukalia kochi au kunikalia mimi?" Mteja akacheka, akaondoka, na kesho yake akarudi kwa upole.

Mwaka huo mambo yalianza kwenda kombo. Bi Sindano alishona foronya ya mto, akasahau kuacha nafasi ya zipu. Akaifumua, akaishona tena, akasahau tena. Alipima kitambaa, akageuka kuchukua mkasi, na alipogeuka tena hakujua amepata kipimo gani.

"Mwenye kitambaa cha kijani anakuja lini?" aliuliza.

"Ijumaa," Fundi alijibu.

Chai haijapoa, akauliza tena.

Fundi alijibu tena. Jioni, mkewe alipopanda kupika, yeye alibaki karakana. Alifumua mishono iliyoharibika na kuishona upya mwenyewe. Alijiambia ni uzee. Siku nyingine alijiambia ni uchovu. Lakini moyoni alijua. Mke wake alikuwa ameshona foronya tangu usichana wake, mikono ikienda yenyewe huku mdomo ukisengenya mtaa mzima. Sasa alikuwa anaitazama zipu kama kitu kilichodondoka kutoka mbinguni.

Ghorofa ya juu kabisa alikaa dada mmoja mtafiti. Alifanya kazi katika maabara ya chuo kikuu, wanakochunguza ubongo wa panya. Majirani walimpachika jina la Dada Panya, naye alilikubali kwa moyo mweupe.

Alasiri moja Dada Panya alirudi mapema. Alikuwa anaelekea kwenye ngazi, akashindwa kujizuia, akageuka na kuingia karakana. Macho yalikuwa yanamng'aa. Mkoba ulikuwa umeteleza begani hadi kwenye kiwiko, wala hakuwa na habari nao.

"Shikamoo, Baba. Nina habari, nisipomwambia mtu nitapasuka."

"Marahaba, mwanangu. Pasukia hapa, sponji zipo."

"Panya wetu wamefaulu. Wale wenye uchafu ubongoni, uchafu wa ugonjwa wa kusahau. Tumeongeza protini moja ndani ya seli zao za ubongo, na hizo seli zinauzoa uchafu. Zinaula, Baba. Leo nimeona kwa macho yangu. Na panya hao wanakumbuka kuliko wenzao."

Nyundo ilibaki hewani mkononi mwa Fundi. "Protini?"

"Protini."

"Inasafisha ubongo?"

"Inasaidia kuusafisha. Wenzetu wa mbali waliona kabla yetu, sisi tumerudia tuone kama ni kweli. Ni kweli, Baba."

Simu yake ikalia. Akaipokea huku anacheka, akapanda ngazi mbilimbili, akatoweka.

Dada Panya hakujua kwamba Bi Sindano anasahau. Fundi hakuwa amemwambia mtu yeyote. Alisimama pale na nyundo yake, moyo ukimdunda kama wa kijana. Protini inasafisha ubongo. Na protini si anaijua? Walifundishwa shuleni. Mayai, maharage, samaki, maziwa.

Kesho yake alikuwa sokoni kabla ya chai. Asubuhi mayai, mchana samaki, jioni maharage, kabla ya kulala maziwa. Bi Sindano alikula siku ya kwanza bila neno. Siku zilizofuata alianza kuitazama sahani kwa wasiwasi.

"Mzee, kuna nini? Unaninenepesha. Mnada ni lini?"

"Kula tu, mama. Ni kwa afya yako."

"Afya yangu iko hapa kooni, imekosa pa kupita."

Fundi hakuishia hapo. Kwenye duka moja aliona kopo lenye picha ya ubongo unaotabasamu. Muuzaji alimwona anavyolitazama, akasogea.

"Protini tupu hiyo, Mzee. Inazoa taka zote za kichwani. Ni ya nani?"

"Ya mke wangu. Anasahau."

"Umefika. Kuna dawa anazotumia?"

"Vidonge vya presha."

"Aviache kwanza. Vinapigana na unga huu."

Fundi alirudi na kopo. Tangu mkewe aanze kusahau, yeye ndiye aliyekuwa akimpa vidonge vyake kila asubuhi baada ya chai. Sasa alivipandisha juu ya kabati. Mahali pake aliweka glasi ya maziwa yaliyokorogwa na unga.

"Vidonge vyangu viko wapi?" Bi Sindano aliuliza.

"Vimepumzishwa kidogo," Fundi alisema, na hakumtazama usoni.

Siku moja katika wiki ile, Bi Sindano alishona foronya nzima na zipu ikakaa mahali pake. Fundi aliigeuza ndani nje, nje ndani. Furaha ilimpanda hadi machozi yakamlenga. Unga umeanza kazi, alijiambia. Alipiga mluzi mchana kutwa.

Asubuhi iliyofuata Bi Sindano alisema kichwa kinamgonga. Alishona huku amekunja uso. Mteja mmoja alikuwa anachagua rangi za kitambaa. Bi Sindano alisimama kumwonyesha, akayumba, akashika ukingo wa meza, na meza haikumsaidia. Aliangukia kwenye marobota ya sponji, kitambaa kikamfunika hadi kifuani.

Fundi alipiga kelele. Dada Panya, aliyekuwa ngazini akienda kazini, alifika kwanza. Alimlaza Bi Sindano ubavu, akamwomba mteja alete gari lake. Kufumba na kufumbua walikuwa njiani kwenda hospitali.

Muuguzi alimpima presha. Akaitazama mashine, akapima tena.

"Iko juu sana. Mama anatumia dawa?"

"Alikuwa anatumia," Fundi alisema.

"Aliacha lini?"

Fundi aliangalia viatu vyake. Kisha akasema yote, ya muuzaji na ya juu ya kabati. Muuguzi hakumgombeza. Alimwita daktari, wakaanza matibabu palepale. Baadaye daktari alitoka akamwambia Fundi kwa sauti ya kawaida, "Presha ya namna hii ingeweza kumletea kiharusi. Dawa ya presha haiachwi kwa neno la muuza duka. Ukiwa na swali, njoo uulize hapa."

Wodini Bi Sindano alilala amefumba macho. Fundi alikaa upande mmoja wa kitanda, Dada Panya upande mwingine. Fundi alitoa kopo kwenye mfuko.

"Mwanangu, mimi nilifuata maneno yako."

"Maneno yangu?"

"Ulisema protini inazoa uchafu ubongoni. Mama yako anasahau. Muda mrefu sasa."

Dada Panya alilichukua kopo, akalisoma mbele na nyuma. Uso ulimshuka. "Nilikuja na furaha yangu nikakuachia habari nusu, Baba. Nusu nyingine niliondoka nayo."

"Mnanizungumzia kama sipo."

Wote wawili waligeuka. Bi Sindano alikuwa amefumbua jicho moja.

"Mama, pumzika," Fundi alisema.

"Nimepumzika vya kutosha. Unadhani sijui kwamba jioni unafumua mishono yangu? Uzi wako unaukaza mpaka kitambaa kinakunjamana. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Fundi aliinamia kitanda. "Mbona ulinyamaza?"

"Na wewe mbona ulinyamaza?"

Kisha Bi Sindano akamgeukia Dada Panya. "Haya, niambie mimi. Kichwa ni changu."

Dada Panya alisogeza kiti. Alipoanza kueleza, ule mng'ao wa macho ulianza kumrudia kidogo kidogo.

"Mama, chini ya bati la cherehani kunajaa nini?"

"Manyoya ya uzi. Usipoyatoa, mashine inaruka mishono."

"Yanatoka wapi?"

"Kwenye uzi huohuo ninaoshonea."

"Basi ubongo nao una manyoya yake. Yanaitwa amiloidi. Ni vipande vya protini, na vinatoka kwenye ubongo wenyewe. Mimi ninavyo, Baba anavyo. Ubongo wenye afya unavitoa kila siku. Kuna ugonjwa unaoitwa Alzaima. Mtu akiwa nao, vipande hivi vinabaki, vinanatana, vinakuwa madonge kati ya seli na seli. Kuna mengine yanayoharibika pia, lakini madonge haya ni sehemu kubwa ya habari."

Fundi aliinua mkono kama mwanafunzi. "Ngoja kwanza. Uchafu ni protini, na kinachosafisha ni protini?"

"Ndiyo."

"Sasa hapo umenipoteza."

"Baba, msumari ni nini?"

"Chuma."

"Mkasi? Springi ya kochi?"

"Chuma."

"Utakata kitambaa kwa springi?"

Fundi alicheka bila kutaka.

"Protini nazo ziko hivyo," Dada Panya alisema. "Ni maelfu, kila moja na umbo lake, kila moja na kazi yake. Ubongoni kuna protini zinazokatakata amiloidi. Kuna nyingine zinaibeba hadi kwenye mishipa ya damu, itoke. Na kuna protini inayoziamuru seli zenye umbo la nyota ziimeze. Hiyo ya mwisho ndiyo tuliyoiongeza kwa panya. Tuliingiza maagizo ndani ya seli zao, seli zikaitengeneza zenyewe. Kwa binadamu bado hatujafika. Ni kazi ya miaka."

"Na hii niliyonyweshwa?" Bi Sindano alilinyooshea kopo kidole.

"Ikifika tumboni inavunjwa vipande vidogo, kama maharage yanavyovunjwa. Mwili unavitumia kujengea misuli, ngozi, damu. Si kitu kibaya kwenye sahani. Ila haiwezi kupanda kichwani ikiwa nzima ikashika ufagio."

"Kwa hiyo samaki wote wale..."

"Walikuwa chakula, Mama."

"Nilijua," Bi Sindano alisema, akafumba jicho lake.

Fundi aliona aibu na faraja kwa pamoja. Lakini pia kuna kitu kilikuwa kimemwingia. Hakuwahi kufikiri kwamba ndani ya kichwa cha mtu kuna wakataji, wabebaji na walaji wa taka, wanaofanya kazi huku mwenye kichwa amelala. Alimshika mkewe mkono.

"Na huku kusahau, tufanye nini?" aliuliza.

"Kwanza tujue ni nini," Dada Panya alijibu. "Si kila kusahau ni Alzaima. Kuna upungufu wa vitamini, kuna tezi ya shingoni, kuna huzuni, kuna hata masikio. Hospitali hii ina kliniki ya kumbukumbu. Twendeni."

Bi Sindano alipopata nafuu walikwenda. Daktari wa kliniki alikuwa mama wa makamo asiye na haraka. Alimuuliza Bi Sindano maswali, akamwambia achore saa, akamtajia maneno ayakumbuke. Alipima damu na masikio. Akaagiza picha ya ubongo. Walipoitwa tena kupewa majibu, alimtazama Bi Sindano, si Fundi.

"Mama, dalili zako ni za Alzaima, na iko mwanzoni. Sikio lako la kushoto pia halisikii vizuri. Maneno mengine hukuyasahau, hukuyasikia kabisa."

Fundi alisogea ukingoni mwa kiti. "Daktari, nimesikia kuna dawa za kuondoa hiyo amiloidi. Kwa watu, si kwa panya."

"Zipo. Zinaitwa kingamwili, na zenyewe ni protini. Zinaingizwa mwilini kwa dripu. Zinaishika amiloidi, na seli za ulinzi za ubongo zinakuja kuizoa."

Fundi alijikuta amesimama. Daktari alimwashiria aketi.

"Ngoja nimalize, Mzee. Haziponyi. Kwa wagonjwa wa mwanzoni zinapunguza mwendo wa ugonjwa. Zinaweza pia kuleta uvimbe au kuvuja kwa damu ubongoni, kwa hiyo mgonjwa hupigwa picha mara kwa mara. Hapa kwetu hazijafika. Na picha ya Mama ina alama za damu iliyowahi kuvuja kidogo, nadhani kwa sababu ya presha. Hata zingekuwepo, nisingempa."

Fundi aliketi. Bi Sindano ndiye aliyeuliza swali lililofuata.

"Nisichoweza nimesikia. Ninachoweza ni kipi?"

Daktari alitabasamu. Vidonge vya presha kila siku, alisema, bila kuruka. Kidonge kingine cha kusaidia kumbukumbu, ambacho kwa wengine husaidia kiasi. Kifaa cha sikio. Kutembea, kulala vya kutosha, kukaa na watu. "Na kazi yako usiiache. Irahisishe."

Walifika nyumbani na kuanza siku ileile. Bi Sindano mwenyewe ndiye aliyetoa amri. Kila kitambaa kilichokatwa kilitiwa uzi mwekundu upande wa zipu. Vipande vya mteja mmoja vilikaa kwenye kapu lake, na kapu moja tu liliruhusiwa mezani. Vidonge vilikaa kwenye kisanduku chenye vyumba vya siku za wiki, karibu na birika, mahali ambapo wote wawili wanaona.

"Na ukifumua mshono wangu," alimwambia mumewe, "ufumue mbele yangu. Tucheke wote."

Kila asubuhi kabla ya kufungua karakana walitembea hadi mwisho wa barabara na kurudi. Kifaa cha sikio nacho kilileta mambo. Siku ya kwanza kukivaa, Bi Sindano alisimamisha cherehani ghafla.

"Kumbe mnaponong'ona mnasema hayo?" aliwaambia wateja wawili waliokaa nyuma. Mmoja alimwaga chai.

Makosa hayakwisha. Kuna siku alikuwa anauliza jambo mara nyingi, na Fundi alikuwa anajibu mara nyingi. Kuna siku alilia kwa sababu jina la dada yake lilikuwa limemtoka. Lakini kazi zilitoka, presha ilishuka, na waliporudi kliniki baada ya miezi kadhaa daktari alikuta majibu ya maswali yake yako karibu palepale yalipokuwa. "Hapa ndipo ninapotaka kukuona," alimwambia.

Kisha maabara ya Dada Panya ikaandaa siku ya kuwakaribisha wagonjwa na familia zao. Dada Panya alikuja kuwachukua mwenyewe. Aliwaketisha mbele ya kioo kikubwa cha kompyuta, akaleta picha mbili.

"Huu ni ubongo wa panya mgonjwa."

Picha ilikuwa nyeusi, na juu yake kulikuwa na madoa mekundu yaliyotapakaa kila mahali.

"Na huyu ni mwenzake, tuliyemwongezea ile protini."

Madoa yalikuwa machache. Kati yake kulikuwa na vitu vya kijani vyenye mikono mingi, kama nyota. Baadhi vilikuwa na wekundu ndani yake.

Bi Sindano aliinuka akasogea hadi pua ikakaribia kioo. "Haya mekundu ndiyo yanayonila mimi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na hizi nyota zinayala yenyewe?"

"Zinayala."

Bi Sindano alianza kucheka. Alicheka mpaka watu wa meza za nyuma wakageuka, na Fundi akajikuta naye anacheka, mwili mzima ukimsisimka. "Nirudishie ya kwanza," mkewe alisema. Dada Panya akairudisha. "Haya, ya pili." Walirudia na kurudia, wala hakuna aliyechoka.

Kabla hawajaondoka, waliambiwa kwamba kuna utafiti mwingine unaanza, wa watu. Hauna dawa. Unachukua damu kidogo na kupima kumbukumbu, mwaka baada ya mwaka, kutafuta ni protini zipi zinafanya kazi kwa wale ambao ugonjwa wao unakwenda polepole.

"Niandikeni," Bi Sindano alisema.

"Tungefikiri kwanza, mama," Fundi alimnong'oneza.

"Ule unga, wewe ulininywesha bila kuniuliza. Hili nimeulizwa mimi, na bado ninaweza kujibu."

Fundi alimtafutia kalamu.

Siku ya kwanza ya utafiti Bi Sindano alivaa gauni lake zuri. Waliingia kwenye chumba chenye kiti kirefu na dirisha pana. Muuguzi wa utafiti alimsomea maelezo yote, kisha akaweka karatasi kando.

"Sasa Mama, nieleze kwa maneno yako mwenyewe. Tutafanya nini, na kwa nini?"

Bi Sindano alijiweka sawa. "Mtachukua damu yangu. Mtaniuliza maswali ya kunisumbua kichwa. Kichwani mwangu kuna kitu kimekwama, kinaitwa..." Akasita. "Kinaitwa..."

Fundi alifungua mdomo. Muuguzi aliinua kidole kimoja, na Fundi akaufunga.

"Jina limenitoka," Bi Sindano alisema. "Lakini kazi yake naijua. Ni takataka ya ubongo wenyewe. Kuna protini za kuikata, za kuibeba, za kuifanya iliwe. Kwa mwingine zinafanya kazi sana, kwa mwingine zimelegea. Ninyi mnataka kujua kwa nini, mje mtengeneze dawa. Dawa hiyo huenda mimi isinikute. Nalijua hilo. Itamkuta mwingine. Na nikichoka nitaacha, hakuna wa kuninunia."

Muuguzi alitabasamu. "Mama, umenifundisha kazi yangu. Nani alikueleza hivi?"

"Panya."

Dada Panya, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijifunika uso kwa viganja, mabega yakitikisika kwa kicheko. Fundi alimtazama mkewe, na hakukumbuka mara ya mwisho kuona fahari kiasi hicho.

"Basi unakubali?" muuguzi aliuliza.

"Nimekubali zamani."

Muuguzi alivaa glavu, akachukua kamba ya kufungia mkono. Bi Sindano alikunja mkono wa gauni lake, akamnyooshea mkono wa kushoto.

"Chukua huu," alisema. "Wa kulia una kazi ya kushona mchana huu."